Kuijenga Kwaya Mahali Ambapo Waimbaji Huondoka

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Warundi waliwafuata kwa wingi mwaka 2015. Kwaya katika mazingira ya namna hii hurithi hazina kubwa ya lugha na midundo. Hurithi pia tatizo zito: mwimbaji huondoka. Mmoja hurejea nyumbani, mwingine hupelekwa nchi nyingine, na mara nyingi anayeondoka ndiye aliyeshika besi au kinanda.

Kwa hiyo, kabla ya kuulizia bei ya vyombo, tujiulize nyimbo zetu zimehifadhiwa wapi. Zikiwa kichwani mwa mwalimu mmoja, zitapanda gari pamoja naye. Tunashauri kila wimbo mpya uandikwe kwa nota za solfa, sauti zote nne, katika madaftari mawili yanayotunzwa na watu wawili. Kila sauti iwe na kiongozi na msaidizi wake. Mpiga kinanda naye aketi na kijana anayejifunza, na kijana huyo apewe wimbo mmoja kila Dominika. Atakosea mbele ya waamini, tumvumilie.

Kwaya iliyopungukiwa isijione imekufa. Hati *Musicam Sacram* ya tarehe 5 Machi 1967 inaelekeza kwamba pasipoweza kuundwa hata kwaya ndogo, awepo walau mwimbaji mmoja au wawili walioandaliwa vema, wawaongoze waamini katika nyimbo nyepesi. Hati hiyo hiyo inapenda “Mtakatifu” iimbwe na jumuiya nzima pamoja na padre. Kubadili “Mtakatifu” kila mwezi, jambo ambalo walimu wengi hulipenda, huwanyamazisha watu. Afadhali moja inayojulikana na wote, Wakongo na Warundi.

Kuhusu vyombo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliheshimu kinanda cha filimbi, ukaruhusu na vingine vinavyofaa ibada. Ngoma na kayamba hutengenezwa hapa hapa, wala havingoji umeme. Katika Kwaresima vyombo vitegemeze uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya Laetare, sherehe na sikukuu.

Mwimbaji akishapewa tarehe ya safari, mazoezi yaliyosalia akae ubavuni mwa mrithi wake, na daftari la nota alikabidhi kabla hajafunga mizigo.