Upanga na Dawa: Nyumba Mbili za Karema

Katika Kiswahili cha zamani neno muungwana lilipimwa kwa kinyume chake. Muungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, na nasaba yake ndiyo iliyokuwa ushahidi. Aliyeweza kuwataja baba zake hakuhitaji ushahidi mwingine, na aliyeng'olewa kwao asiweze kuwataja alihesabiwa kuwa si kitu. Kipimo kama hiki kilitumika hata Ufaransa mwishoni mwa Enzi za Kati: mtu bora alijulikana kwa jina la ukoo, ardhi na silaha.

Philippe Villiers de L'Isle-Adam, aliyezaliwa mwaka 1464, alikuwa mtu wa daraja hiyo. Alijiunga na shirika la Mtakatifu Yohane, shirika la watawa wapiganaji lililokuwa na kazi mbili, kushika upanga na kuuguza wagonjwa. Mwaka 1521 alichaguliwa kuwa mkuu wa shirika. Mwaka uliofuata Waturuki walimshinda katika kisiwa cha Rhodes, na mwaka 1530 shirika likapewa kisiwa cha Malta, ambako alifariki mwaka 1534. Kwa kuwa alikuwa amefunga nadhiri ya useja, hakuacha mke wala mrithi wa nyumba yake. Alichoacha ni shirika, nalo lilitawala Malta hata mwaka 1798.

Mfano huo wa kale ulifika hata mwambao wa Ziwa Tanganyika, na aliyeuleta ni Kardinali Lavigerie, Mfaransa, mwanzilishi wa Mapadre Weupe. Yeye alipowaza jinsi ya kuipinga biashara ya watumwa, aliukumbuka upanga wa watawa wale, na dawa yao pia. Kwa upanga, aliwatuma ziwani askari waliopata kumtumikia Papa. Kwa dawa, alifungua Malta chuo cha vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, ili wasomee uganga wa Kizungu. Kazi mbili zilizokuwa zimeunganishwa katika nadhiri moja ziligawanywa hivyo kwa watu wawili mbalimbali, na wote wawili walifika Karema.

Karema i upande wa magharibi wa Mpanda, katika mkoa wa sasa wa Katavi. Ngome yake ilijengwa na Kapteni Cambier, Mbelgiji, mwaka 1879, karibu na maji. Baadaye ziwa lilirudi nyuma, ngome ikabaki nchi kavu. Mwaka 1885 ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe.

Wa upanga alikuwa Léopold Joubert, aliyezaliwa Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa, mwaka 1842. Hakuwa mtu wa daraja ya makabaila, lakini alijichagulia maisha ya mpiganaji wa dini kwa namna ya zamani. Alianza kulitumikia jeshi la Papa mwaka 1860, akapanda hata cheo cha kapteni. Mwaka 1880 alifuatana na msafara wa mapadre hata ziwani. Akarudi kwao, na mwaka 1886 akafika Karema. Mwaka 1887 alivuka kwenda Mpala, ng'ambo ya magharibi, akafundisha walinzi, akaamua mashauri, akawakinga wakimbizi na watu wa Rumaliza.

Wa dawa alikuwa Adrien Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi ya Timbuktu. Alikamatwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na mapadre huko Algeria. Alisoma uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, awe katekista na tabibu. Kwa kipimo cha zamani hakuwa na nasaba ya kutajwa katika nchi ile: baba zake walikuwa ng'ambo ya bara zima.

Hapa ndipo mfano wa Ulaya ulipoachwa. Wapiganaji wa Mtakatifu Yohane hawakuoa. Watu hawa wawili walioa. Mwaka 1888 Joubert alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa pande za ziwa, wakazaa watoto wengi, na miongoni mwao walitoka mapadre. Atiman alimwoa Agnes Wansabira, binti wa mtawala wa Wabende. Mtoto aliyewahi kuuzwa akawa mkwe wa watawala, na mwana wao Yosefu akapewa upadre mwaka 1923.

Yafaa kupima maana ya ndoa hizi. Mgeni huweza kukaa miaka mingi katika nchi akabaki mgeni. Kinachomtia ndani ni ujamaa. Mke humpa mashemeji na wakwe, nao watoto huwapata wajomba. Habari za Joubert zimeandikwa sana, za Atiman pia. Yeye mwenyewe aliandika maisha yake, yakachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Lakini wale wanawake wawili, walioitwa kwa jina moja la ubatizo, hutajwa kwa mstari mmoja au miwili tu. Nasaba iliyohesabiwa kwa waume peke yao haiwezi kueleza jinsi Mfaransa na mtu wa Niger walivyopata kuwa wenyeji.

Hatima za kazi zao nazo zilitofautiana. Mwaka 1894 nguvu za Rumaliza zilikuwa zimekwisha vunjwa, na serikali za kikoloni zilizoshika pande zote mbili za ziwa hazikuhitaji tena kapteni wa misioni. Joubert alikaa na jamaa yake upande wa Kongo, akafariki huko mwaka 1927. Dawa haikupitwa na wakati. Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja, na Atiman alikuwa angali akitibu Karema hata alipofariki mwaka 1956, baada ya miaka 67.

L'Isle-Adam alizaliwa na jina kubwa, na nyumba yake ikaishia kwake. Atiman alinyang'anywa hata ukoo, kisha akapata nyumba mahali ambapo hakuna aliyewajua baba zake. Basi neno muungwana, kama lilivyotumika mwambao, halitoshi kumweleza mtu huyu, kwa kuwa lilimtazama mtu alikotoka tu. Karema ilimpima kwa wale aliowatibu na wale aliooana nao.