Gari la Mbio za Safari

Katika enzi ya Kundi A, gari la mbio za Safari za Kenya lilikuwa gari la kawaida la dukani lililoimarishwa, na asili hiyo ndiyo iliyoamua uhandisi wake. Kanuni za kundi hilo, daraja la magari ya mbio yaliyotokana na magari ya kawaida, zilidai kwanza magari 5,000 ya aina moja, baadaye 2,500, yatengenezwe kabla gari halijaruhusiwa kushindana. Mhandisi hakuweza kubuni chombo cha mbio tu. Ilibidi ubora uanzie kwenye gari la mnunuzi. Ndivyo Mitsubishi Lancer Evolution ilivyozaliwa mwaka 1992, ikiwa na injini ya lita 2.0 yenye turbo na mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne.

Yupo atakayedai kwamba Lancer lililoshinda Kenya mwaka 1996 likiendeshwa na Tommi Mäkinen lilibakiza jina tu la gari la dukani. Ni kweli, ndani liliwekewa mabomba ya chuma ya kumlinda dereva, shokomzoba zilibadilishwa, na bomba la hewa likapandishwa hadi usawa wa paa ili injini isimeze maji mitoni. Lakini bodi na injini ya msingi zilitoka kiwandani, na shokomzoba, hata iwe imara namna gani, haiokoi bodi iliyoungwa vibaya.