Maji Puani: Kutoka Birika la Udhu hadi Maji ya Chumvi Isiolo

Kabla ya lami kufika Moyale, kusafiri kaskazini kutoka Isiolo kulikuwa ni kula vumbi mchana kutwa. Barabara hiyo ya kilomita 500 hivi ilikamilika muongo uliopita, ila vumbi halikuhama na malori. Kiangazi kikishika, upepo hulibeba kutoka malishoni hadi madukani, na wenye sainasi huanza kulalamika: pua imeziba, kichwa kizito, uso unauma chini ya macho.

Siku hizi daktari humwambia mgonjwa wa aina hiyo asafishe pua kwa maji ya chumvi, na wapo wanaolipokea shauri hilo kana kwamba limeshuka juzi kutoka ng'ambo. Lakini mji wa Isiolo umekuwa ukiosha pua kwa takriban miaka 100.

Katika miaka ya 1920 Waingereza waliwapa makazi Isiolo askari wa Kisomali, wengi wao Isaaq na Harti, waliokuwa wamewapigania katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hao walikuja na dini yao na udhu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waborana wakahamishiwa pande za Waso, huko huko Isiolo, na wengi wakasilimu polepole katika miongo iliyofuata. Mwenye kutawadha huvuta maji puani kisha huyapenga, mara 3. Akichukua udhu upya kwa kila sala, ni mara 15 kwa siku. Kwa Mashafi, ambao ndio wengi Afrika Mashariki, jambo hilo ni sunna; Mahanbali wanaliona wajibu. Katika hadithi ya Laqit bin Sabira, iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume anaagiza maji yapandishwe sana puani, isipokuwa mtu akiwa amefunga.

Ukame nao una kejeli yake. Mfugaji aliye mbali na kisima hutayamamu kwa udongo safi, akipaka uso na mikono tu. Kwa hiyo siku zenye vumbi jingi kuliko zote ndizo ambazo pua yake haiguswi na tone la maji.

India nako walikuwa na njia yao. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinaitaja neti miongoni mwa njia 6 za kutakasa mwili, ingawa inayoelezwa humo ni ya uzi: unapitishwa puani na kutokea mdomoni. Heri ya maji! Huko Marekani, daktari Arthur Proetz wa St. Louis alichapisha mwaka 1931 kitabu kuhusu kuingiza dawa ya maji kwenye sainasi, mgonjwa akiwa amelala kichwa kimeinama nyuma. Mwaka 2002 watafiti wa Wisconsin walitoa matokeo ya utafiti wa miezi 6 kwa wagonjwa 76: waliosafisha pua kila siku kwa maji ya chumvi walipata nafuu, na wakatumia antibayotiki mara chache zaidi.

Chumvi ndiyo inayoutofautisha ushauri wa daktari na udhu. Maji matupu huwasha puani kwa sababu hayalingani na majimaji ya mwili, yenye chumvi kama gramu 9 kwa lita. Tena udhu wa kawaida huishia karibu na mwanzo wa pua, ilhali maji ya tiba huingia tundu moja yakatokea la pili, yakizoa kamasi na vumbi njiani.

Kina hicho kina hatari yake. Mwaka 2011 watu wawili walikufa Louisiana baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa; amiba aitwaye Naegleria fowleri alipanda hadi ubongoni. Karachi pia imezika watu kwa ugonjwa huo, wakiwemo ambao hawakuwahi kuogelea, na udhu ukashukiwa. Ni ugonjwa wa nadra mno, lakini amiba huyo hupenda maji ya uvuguvugu, na Isiolo matangi meusi hushinda juani. Dawa yake ni sufuria: maji yachemke dakika 1 kamili, yapoe, ndipo yatiwe chumvi. Juu ya mita 2,000 hivi huhitajika dakika 3, lakini mji huu uko kwenye mita 1,100 tu.

Mwezi wa Ramadhani mwenye sainasi huahirisha usafishaji wake hadi baada ya futari, kwa sababu ile ile aliyoambiwa Laqit.