Watawa wa Tibhirine: Kukaa ao Kuondoka?

Wengi hufikiri kwamba mashahidi walikuwa watu wasiojua woga. Sinema moja ya Ufaransa inaonyesha namna nyingine. Jina lake ni Des hommes et des dieux, kazi ya Xavier Beauvois, iliyopewa zawadi ya Grand Prix huko Cannes mwaka 2010. Inasimulia mambo yaliyotokea kweli katika Aljeria.

Milimani Tibhirine walikaa watawa Watrapisti, karibu wote Wafransa, katikati ya Waislamu. Walilima na kusali, na Ndugu Luc, mganga mzee aliyefika pale mwaka 1946, aliwatibu watu wote pasipo kuuliza dini yao. Mwisho wa mwaka 1993 vita ilikaribia. Tarehe 14 Desemba wafanyakazi 12 kutoka Kroatia walichinjwa karibu ya hapo. Usiku wa Noeli watu wenye bunduki wakabisha mlangoni, wakimtaka mganga. Mkubwa wa watawa, Padri Christian de Chergé, alikataa: mganga ni mzee, wagonjwa waje kwake.

Lakini shida kubwa ilikuwa ndani ya nyumba. Katika sinema Padri Christian anakataa ulinzi wa askari wa serikali bila kuwauliza wenzake. Kumbe, wanamkasirikia! Hawakumchagua aamue peke yake. Mmoja ataka kuondoka. Mwingine, Christophe, analia usiku akimwita Mungu. Nao wanakijiji, wanaoogopa waasi na askari pia, wanawasihi wasiwaache. Basi mkubwa anajifunza kungoja. Hamlazimishi mtu, wala hamwiti mwenye woga kuwa mwenye imani haba. Siku nyingi zinapita mpaka kila mmoja anasema kwa kinywa chake: ninakaa. Kwangu mimi, kikao hicho cha wazee kuzunguka meza kina nguvu kupita bunduki zote za sinema ile.

Usiku wa kuamkia 27 Machi 1996 watawa 7 walitekwa. Mwezi wa Mei ikatangazwa kwamba wameuawa; vichwa vyao vilipatikana, miili haikuonekana, na hata leo watu wanabishana juu ya wauaji. Tarehe 8 Desemba 2018, kule Oran, walitangazwa Wenye Heri.

Watawa 2 wa nyumba ile hawakuonwa na watekaji. Mmoja wao, Ndugu Jean-Pierre Schumacher, alihamia Moroko, akaendelea na sala zilezile kati ya Waislamu hata alipokufa mwaka 2021.