Chema Hakijiuzi Pasipo Kuuliza

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni usemi mzuri, lakini historia ya biashara yetu inatuonya tusiuegemee mno. Katika karne ya 19 kulikuwa na shanga safi, kazi ya mafundi wa Venice kule Italia, ambazo katika baadhi ya nchi za bara hazikuweza kununua hata kibaba cha mtama. Ubaya haukuwa katika shanga. Zilipelekwa kwa watu wasiozitaka.

Januari 1871 Henry Morton Stanley alifika Unguja, akijiandaa kwenda bara kumtafuta Dakta Livingstone.  Alichokosa ni habari. Huko bara chakula na hongo vililipwa kwa nguo, shanga na waya. Lakini shanga zipi, na kiasi gani? Vitabu alivyosoma havikumwambia. Ikambidi awaendee wafanyabiashara wa hapo, akae kitako, aulize.

Aliyoyasikia yalimtia wasiwasi. Shanga nyekundu, yaani samisami, zilipokelewa Unyamwezi ambako nyingine zingekataliwa. Nyeusi, zilizoitwa bubu, zilikuwa fedha Ugogo, na kwingineko hazikuwa kitu. Sungomazi, zenye umbo la yai, zilitakiwa Ujiji. Nyeupe zilifaa Ufipa, lakini Ukonongo zilidharauliwa. Basi akakadiria siku atakazokaa katika kila nchi, akachagua aina 11, akanunua magunia 22.

Wapo watakaosema huo ulikuwa usumbufu mtupu. Sivyo. Mpagazi mmoja alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, kwa miezi. Shanga zisizotakiwa hazikurudishwa dukani. Zilikuwa mzigo wa bure na njaa kwa msafara mzima.

Mwaka 1883 Joseph Thomson naye alijifunza hayo alipokuwa akielekea Umasaini. Wamasai hawakupokea shanga ambazo hazijatungwa kwa urefu wanaoutaka wao. Msafara ukatua Taveta, watu wakaketi kutunga shanga upya. Shanga zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni namna ya kuziandaa, ili zimfae mpokeaji.

Kanga nayo imekua kwa njia hiyo hiyo. Wenye maduka wa Unguja na Mombasa, akiwamo Kaderdina Hajee Essak aliyejulikana kwa jina la Abdulla, waliangalia akina mama wanapenda rangi gani na misemo gani, kisha wakaagiza kwa wachapaji wa ng'ambo. Mchapaji wa Uholanzi hakujua Kiswahili, lakini alichapa maneno aliyopelekewa. Mwanamke wa mwambao ndiye aliyeamua kiwanda cha Ulaya kichape nini.

Leo wataalamu wanaita jambo hili utafiti wa soko, na wengi wetu tunadhani ni kazi ya makampuni makubwa. Kumbe mwenye genge analiweza. Kabla ya kukopa na kujaza rafu kwa sababu jirani amefanya hivyo, zunguka mtaa. Uliza watu wananunua nini, kwa kipimo gani, siku gani wana fedha. Andika, kisha hesabu. Mkopo hulipwa hata kama bidhaa imedoda.

Kuuliza si ujinga, ndugu msikilizaji. Ujinga ni kubeba frasila mbili za bubu hadi Ujiji.