Ithaneti, Kidhibiti na Majina Yao

Wasomaji wetu watakubali kwamba neno "mtandao" limetwishwa mzigo mkubwa. Kampuni ya simu ni mtandao, intaneti ni mtandao, na waya uunganishao mashine mbili katika chumba kimoja nao huitwa mtandao. Fundi wa Bariadi atakaye mizani ya kidijitali ya kupimia pamba ipeleke uzito moja kwa moja kwenye kompyuta ya chama cha ushirika, pasipo karani kuuandika upya, hatosheki na neno hilo. Anachohitaji ni ithaneti, ambayo hufanya kazi hata mahali pasipo na intaneti.

Ithaneti ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe, akishirikiana na David Boggs, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani. Jina lilitokana na etha, kitu ambacho wanafizikia wa zamani waliamini kimejaa angani kikibeba mwanga. Jaribio la Michelson na Morley la mwaka 1887 halikupata dalili yake. Kwa hiyo kulifasiri jina hili kwa neno "anga" kungekuwa kuhamishia katika Kiswahili dhana iliyokwisha kufa, tena kwa kifaa cha waya. Litoholewe tu.

Ugumu ulikuwa kwenye mashine ndogo. Ndani ya mizani hiyo mna kidhibiti, yaani kompyuta nzima iliyomo katika chipu moja. Chipu ya Intel 8051 ya mwaka 1980 ilikuwa na baiti 128 tu za kumbukumbu ya kazi, ilhali fremu moja ya ithaneti yaweza kufika baiti 1518. Mwanzoni mwa karne hii Adam Dunkels wa Sweden aliandika programu ya uIP, iliyozibana kanuni za mawasiliano zienee katika kumbukumbu finyu. Baadaye kampuni ya Microchip ilitoa chipu ya ENC28J60, yenye pini 28 na kilobaiti 8 za kuhifadhia fremu, ili kidhibiti kizisome kidogo kidogo.

"Kidhibiti" peke yake halitoshi, maana basi nalo lina kidhibiti mwendo, twapendekeza "kidhibitimikro". Na hizo kilobaiti 8 tuziite "ghala", si "bafa". Katika Simiyu, mkoa wa pamba ulioanzishwa mwaka 2012, nani asiyejua kuwa lori hushusha pamba ghalani, na mashine ya kuchambulia huichukua kwa kadiri ya uwezo wake?