Rangi Iliyojitafuna Juani

Pitisha kiganja kwenye ukuta wa zamani wenye rangi nyeupe, uliopigwa na jua miaka mingi. Huenda ukatoka na unga mkononi. Watu wa rangi waliujua ugonjwa huu mapema: mwaka 1929 Keidel aliripoti kwamba titani dioksaidi, poda ileile inayoleta weupe, inachangia kuichakaza rangi juani. Mwaka 1938, Goodeve na Kitchener wa London walionyesha kuwa poda hiyo ikimulikwa hupausha rangi nyingine, huku yenyewe ikibaki ilivyo.

Yaani kichocheo cha mwanga kilikuwa tayari mezani. Ila kiwandani swali lilikuwa moja tu: tuizuieje?

Mwaka 1967, Akira Fujishima, mwanafunzi wa Kenichi Honda katika Chuo Kikuu cha Tokyo, alizamisha fuwele ya titani dioksaidi majini, akaiunganisha na platini, kisha akaimulika. Mapovu yakatoka: oksijeni upande wa fuwele, haidrojeni upande wa platini. Na fuwele haikuliwa! Makala yao ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1972.

Inakuwaje? Mwanga wa urujuanimno hung'oa elektroni na kuacha tundu. Tundu hilo lina njaa: hupora elektroni kutoka kwenye maji, na hapo huzaliwa radikali za haidroksili, ambazo hushambulia karibu kila kitu cha kikaboni. Gundi inayoshika rangi ukutani ni ya kikaboni. Bakteria pia. Mwaka 1985, Tadashi Matsunaga na wenzake waliua E. coli kwa poda hiyo iliyotiwa platini. Nano ikaongeza nguvu, kwa sababu gramu ileile ikisagwa kuwa chembe ndogo zaidi inapata uso mkubwa zaidi wa kufanyia kazi.

Sasa ukikuta dukani rangi ya "nano titani inayoua bakteria", uliza maswali mawili. Kwanza, mwanga utatoka wapi? Titani dioksaidi ya kawaida inataka urujuanimno, ambao ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayotufikia, na taa za LED za nyumbani karibu hazitoi kabisa. Pili, gundi yake imelindwaje? Radikali hazichagui kati ya kijidudu na ukuta wako. Ndiyo maana chembe za rangi nyingi nyeupe za nje huvikwa silika au alumina: kuzizuia zisifanye kile ambacho maabara zinahangaika kukiongeza.